Joto la Mama Dobi

Kati ya mambo yote aliyoyaogopa Mama Dobi kuhusu safari ile, paji lake la uso halikuwamo. Aliiogopa ndege, kwa kuwa hakuwahi kuipanda. Aliziogopa ngazi zinazotembea zenyewe, kwa kuwa aliwahi kusikia zimemeza pindo la gauni la mtu. Aliogopa kuulizwa maswali kwa lugha asiyoijua, na kuambiwa mbele za watu kwamba begi lake limezidi uzito. Lakini paji la uso ni kitu ambacho mtu huenda nacho kila mahali bila kukiwazia.

Foleni ya afya ilianzia mlangoni ikajipinda mara kadhaa kati ya kamba za buluu. Homa mpya ilikuwa imeingia nchini tangu mwanzo wa mwaka, na sasa hakuna aliyeruhusiwa kupanda ndege ya nje kabla hajapimwa joto. Kila abiria alivaa barakoa. Mtu akikohoa, shingo zote zinageuka. Mbele ya Mama Dobi alisimama mkwe wake, mume wa binti yake, mtu mrefu na mkimya, ameshika paspoti zote mbili kifuani. Nyuma yake alisimama muuza vipuri vya magari, mwenye tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi.

"Mama, mbona unatiririka jasho hivyo?" muuza vipuri akauliza.

"Barakoa hii inabana."

"Jipepee haraka. Wakikuona unang'aa hivyo watakufunga kwenye nailoni kama mkate."

"Na wewe wakikusikia unavyobwabwaja watakupima ulimi."

Watu wa karibu wakacheka. Mkwe hakucheka. Aligeuka nusu, akahakikisha mama mkwe wake bado yupo, akarudisha macho mbele.

Joto lile Mama Dobi alilijua vizuri. Lilikuwa na utaratibu wake: huanzia kifuani, likapanda shingoni taratibu kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, likafika masikioni, kisha likamwagika usoni kwa mpigo. Hukaa kwa muda wa kupiga pasi mashati mawili, halafu huondoka na kumwachia ubaridi mgongoni. Siku zake zilipokatika ndipo lilipoanza kumtembelea. Kwenye chumba chake cha kupigia pasi, katikati ya mvuke, hakuna aliyemshangaa. Akiulizwa husema, "Ni pasi." Jibu lilitosha, na kwa kuwa lilitosha hakuwahi kutafuta lingine.

Kilichompeleka ng'ambo kilikuwa kimoja. Binti yake alikuwa huko, tumbo limefika pomoni, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua keshokutwa. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka juzi. Wakati ule mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza lifti, alikuwa ndani ya shimo la lifti la jengo fulani, simu haishiki, na binti alilala peke yake katika wodi ambayo hakuna muuguzi aliyeweza kulitamka jina lake sawasawa. Mama Dobi alipata habari siku iliyofuata. Alimwambia kwenye simu, "Safari nyingine nitakuwepo. Nitakaa kwenye kiti, pembeni ya kitanda chako." Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Mimba ya pili ilipokaribia kutimia, mkwe aliomba likizo akaja kumchukua, maana mwanamke aliyeziogopa ngazi za umeme asingeweza kubadilisha ndege peke yake katika nchi za watu.

Wiki nzima mkwe alilala nyumbani kwa Mama Dobi, na wiki nzima wakaheshimiana mpaka ikawa taabu. Hawakuwahi kushikana mikono tangu siku ya ndoa. Mkwe akiingia sebuleni, Mama Dobi anakumbuka kazi jikoni. Wakiwa na jambo la kuambiana, humtumia mtu wa tatu. Siku moja mtu wa tatu hakuwepo, Mama Dobi akamwambia paka, "Maji ya kuoga yako tayari," na mkwe akamjibu paka, "Nashukuru sana." Lililowachekesha zaidi wateja wa Mama Dobi ni la shuka. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, mkwe alikuwa ameshafua shuka zake mwenyewe na kuzianika. Nyumbani kwa dobi! "Mkwe wangu ana adabu mpaka imemwagika," Mama Dobi aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayelalamika lakini anajivuna. Yeye alizianua, akazipiga pasi, akaziweka mlangoni kwa mgeni bila neno.

Zamu yao ikafika. Mpimaji, mwanamume mwenye glavu na macho yaliyochoka, alimwelekezea mkwe kipimajoto chenye umbo la bastola. Kikalia mara moja, kijani. Thelathini na sita na nukta nne. Akamwelekezea Mama Dobi. Kikalia mara tatu, kikawaka chekundu.

"Thelathini na nane na nukta mbili. Mama, pita huku pembeni."

"Pima tena," mkwe akasema.

"Atapimwa tena, ila si hapa. Pembeni, mama."

Muuza vipuri alirudi nyuma hatua moja, na waliokuwa nyuma yake wakarudi nao, na ghafla Mama Dobi akawa amesimama peke yake kwenye duara la sakafu tupu, kama mtu aliyevunja chombo dukani.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kitanda cha rangi ya kijivu, meza, viti viwili na feni iliyofungwa kwa mkanda wa gundi ili isiwashwe. Mkwe alikataa kubaki nje. "Huyu ni mama yangu," alimwambia askari wa mlangoni, "haendi popote bila mimi." Muuguzi aliyekuwa ndani alikuwa mwanamke wa umri wa Mama Dobi au pungufu kidogo, miwani imemtelezea juu ya barakoa. Aliwaonyesha viti, akaanza maswali kama mtu anayehesabu vifungo.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Viungo? Koo? Kutapika?"

"Hapana, hapana."

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Mama Dobi aliangalia dari. Mkwe aliangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza ametoka kuvinunua.

"Ni pasi," Mama Dobi akasema.

"Pasi?"

"Mimi ni dobi. Ni joto la pasi."

"Pasi iko wapi, mama? Humu uwanjani?"

"Ya... ya jana."

"Ni kweli kabisa," mkwe akaongeza bila kuinua uso, "mama ni dobi."

Muuguzi alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Huyu kijana ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Ahaa." Akapandisha miwani. "Baba, hebu tupishe. Kaa kwenye benchi hapo nje, hatumli."

Mlango ulipofungwa, Mama Dobi alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama wizi. Muuguzi alicheka mpaka miwani ikateleza tena.

"Sasa si ungesema, dada yangu! Mimi mwenyewe juzi nililowa hapa hapa, mpimaji akanipima kwa utani, mashine ikapiga kelele. Nusura nijifungie mwenyewe." Akatoa kipimajoto kingine, cha kwapani. "Kile cha nje kinapima ngozi. Hiki kinapima mtu. Tulia kidogo joto lako lipite."

Wakatulia. Muda ukapita, joto likapita, kipimajoto kikasoma thelathini na sita na nukta saba. Wakapima tena kwa uhakika, likaja lile lile. Muuguzi akavuta muhuri.

"Namalizia maswali, kisha uwahi ndege yako. Kuna mtu uliyeishi naye nyumba moja siku za karibuni aliyekuwa na dalili? Homa, uchovu, kutoka jasho usiku mpaka analowesha matandiko?"

Mama Dobi alifungua mdomo aseme hapana. Alichokiona mbele yake ni kamba ya nguo ya uani kwake, alfajiri, na shuka zinazodondosha maji. Shuka za siku ya kwanza. Za siku ya pili. Hakuna mgeni duniani anayechafua shuka kila siku, na yeye, aliyekula kwa kufua tangu ujanani, alilijua hilo. Alikuwa ameliona kwa macho yake na kuliita adabu. Kumuuliza mkwe habari za kitanda chake ni jambo ambalo mama mkwe halifanyi, basi hakuuliza, na hakuuliza kwa ukamilifu sana kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakujiuliza.

"Mama?"

"Hii homa," Mama Dobi akasema, "ikimpata mjamzito inakuwaje?"

Muuguzi aliweka muhuri chini. "Vibaya. Mama mwenyewe huweza kupona. Mtoto mara nyingi hapana. Kwa nini?"

"Na mtu akikutwa nayo hapa?"

"Anabaki, anatibiwa. Wengi wanapona wakiwahi."

"Na waliokuwa naye?"

"Wanabaki pia mpaka ijulikane. Mtu anaweza kuwa nayo mwilini siku kadhaa hana dalili yoyote, kipimajoto kisione kitu." Muuguzi aliinamisha kichwa kidogo. "Kuna mtu, dada?"

"Nipe dakika chache nje," Mama Dobi akasema. "Halafu nitakujibu. Nitakujibu ukweli."

Muuguzi akasukuma muhuri pembeni. "Usivuke mlango wa kioo," alisema. "Nakuona kutoka hapa."

Mkwe alikuwa kwenye benchi, paspoti mkononi, mabegi ya mkononi katikati ya miguu. Alipomwona alisimama haraka, kisha akashika ukuta kwa ncha za vidole, kidogo tu, kama mtu anayeufuta vumbi.

"Wamesemaje, Mama?"

"Wamesema sina kitu."

"Nashukuru Mungu. Twende, wameshaanza kuita."

"Kaa, baba."

"Mama, geti litafungwa."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Mama Dobi naye akakaa, si kwenye ncha ya pili ya benchi kama ilivyokuwa desturi yao, bali karibu naye kabisa. Mkwe alijisogeza kwa heshima mpaka benchi likamwishia. Hapo Mama Dobi akafanya jambo ambalo mtu angemwambia asubuhi ile kwamba atalifanya, angemwita mwendawazimu. Alinyoosha mkono. Aliugeuza, akaweka mgongo wa vidole kwenye paji la uso la mkwe wake.

Mikono ile ilikuwa imepima pasi kwa miaka mingi kuliko ambayo mkwe alikuwa ameishi. Haikuhitaji kusubiri.

"Umemeza nini?"

"Mama..."

"Pale kwenye foleni ulikuwa baridi. Sasa unachoma. Umemeza nini, na kimekuishia lini?"

Mkwe aliangalia mlango wa kioo, akaangalia sakafu. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi ya vidonge vya kushusha homa, vimebaki viwili.

"Ningemeza tena tukishapita," alisema. "Ila ulipokamatwa wewe, askari amesimama hapa ananitazama. Niliona nikimeza kidonge mbele yake atauliza."

"Tangu lini?"

"Nilipitia kwa kaka kabla ya kuja kwako. Alikuwa amelala, anasema ni uchovu. Nikamnywesha maji, nikamfuta jasho. Ni ndugu yangu, ningefanyaje?" Akaikunja karatasi ya vidonge. "Lakini inawezekana ni mafua tu, Mama. Mafua ya kawaida. Mwili unaniuma kidogo tu."

"Mafua hayafuliwi shuka kila alfajiri."

Mwanamume mzima, anayening'inia kwenye nyaya juu ya ghorofa za watu bila kupepesa jicho, alijikunja kwenye benchi kama mtoto aliyekutwa jikoni.

"Mwaka juzi sikuwepo," alisema. "Alinipigia mara kumi na moja. Nilizikuta zote kwa pamoja nilipotoka kwenye lile shimo. Sikutaka asikie tena kwamba sipo."

Mama Dobi alikuwa amejiandaa kukasirika, na hasira ilikuwepo, lakini hakupata pa kuiweka. Aliyoyasema mkwe ndiyo hayo hayo aliyokuwa nayo yeye kifuani.

"Muuguzi ameniambia homa hii ikimpata mwenye mimba, mtoto haponi," alisema.

Mkwe alifunika uso kwa viganja.

Kipaza sauti kikaita ndege yao. Abiria walipita mbele ya mlango wa kioo wakiburura mabegi, na miongoni mwao muuza vipuri, ambaye alisimama, akagonga kioo kwa pete. "Mama Nailoni!" alipaza sauti. "Wamekuachia? Njoo basi, ndege haina breki!" Mama Dobi alimpungia mkono aende.

"Basi nenda wewe," mkwe akasema ghafla, akiinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Nenda, Mama. Wewe umepimwa, wamesema huna kitu. Mimi nitawaambia nimeghairi safari, nitarudi mjini, nitajitibu. Hakuna atakayeuliza. Huko kuna mtu atakupokea, nitampigia simu akusubiri kwenye mlango. Ukifika wewe inatosha. Akikuona wewe tu inatosha."

Hilo lilimwingia Mama Dobi kuliko yote. Aliuona ule muhuri mezani, umeshapakwa wino. Alikuwa amepimwa mara mbili. Hajisikii vibaya popote. Kesho kama saa hizi angekuwa amekaa kwenye kile kiti, pembeni ya kile kitanda, na binti yake asingehitaji kujua kitu chochote zaidi ya kwamba mama yupo. Aliligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, kama anavyogeuza shati la mteja akitafuta pa kuanzia. Kila upande alikuta doa lile lile. Alikuwa amekula naye meza moja. Alipokea sahani kutoka mkononi mwake. Kipimajoto kisichoona kitu kwa mtu mwenye ugonjwa ndani, kimemwambia nini? Kimemwambia kwamba leo hana joto. Basi.

"Siwezi," alisema.

"Mama, wewe ni mzima!"

"Sijui kama ni mzima. Wewe unajua? Mimi sijui. Nikienda na kutojua kwangu nikakaa pembeni ya mtoto wangu, nitakuwa nimekwenda kumfanyia nini?" Akainuka. "Haya, mwanangu. Utasema mwenyewe au niseme mimi?"

Mkwe aliinuka naye. Akachukua mabegi yote mawili, akayaweka chini tena kwa kuwa hayakuwa yakienda popote.

"Nitasema mwenyewe."

Na alisema. Alisimama mbele ya meza ya muuguzi akaeleza kuanzia kwa kaka yake hadi vidonge viwili vilivyobaki, hakuruka kitu. Muuguzi hakupiga kelele. Alivaa glavu mpya, akamwekea kipimajoto cha kwapani, akasoma thelathini na tisa.

"Ungefika huko ungeingia wodi ya wazazi," alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuusikia kuliko matusi. "Na kaka yako? Kuna mtu amemwona? Nipe namba yake sasa hivi." Akaandika. Kisha akamgeukia Mama Dobi. "Dada, wewe nilikuwa nimeshakukatia ruhusa."

"Ifute."

"Nimeshaifuta."

Waliwapeleka upande wa nyuma, chumba kilichogawanywa kwa pazia la nailoni nzito, kitanda huku na kitanda kule. Wakatolewa damu wote wawili. Majibu yangekuja kesho. Ya Mama Dobi yangerudiwa baadaye hata kama ni safi. Kupitia ukuta walisikia ndege moja ikinguruma na kuondoka. Hawakuulizana kama ndiyo yao.

Kisha Mama Dobi akapiga simu, akaiweka kwenye spika juu ya kiti, karibu na pazia.

"Mmeshapanda?" binti akapokea. "Mbona nasikia kimya?"

"Hatujapanda. Hatupandi." Hakuzunguka. "Mumeo ana homa. Wamemtoa damu, wanamtibu. Mimi sina, ila nimekaa naye nyumba moja, kwa hiyo wamenibakiza. Hatutakuwa tumefika siku ya kupasuliwa kwako."

"Mama, uliniambia utakuwepo."

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Sasa sipo."

Binti akalia. Mama Dobi hakumwambia anyamaze. Alikaa mikono mapajani akasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hilo ndilo pekee lililowezekana kufanywa kutoka pale.

"Yuko wapi?" binti akauliza, pua imeziba.

"Nipo hapa," mkwe akasema kutoka ng'ambo ya pazia. "Nakusikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungekuja ukanikumbatia na homa yako."

"Ningekuja."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Mjinga sana. Unakunywa maji?"

"Nakunywa."

Mama Dobi akaingilia kabla hawajalia wote wawili. "Yule jirani wako wa chini, mwenzetu wa nyumbani, bado yupo?"

"Yupo. Lakini Mama, yule anaongea. Hanyamazi hata akiwa anatafuna."

"Ndiye tunayemtaka. Atawauliza madaktari maswali ambayo wewe utaona haya kuyauliza. Begi la hospitali umeshafunga?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe tulifunge pamoja."

"Lilete kitandani. Weka simu pembeni. Tunalifunga."

Wakaanza. Mama Dobi alitaja, binti akatafuta, na mkwe akiwa chali kitandani, macho yamefumba, alisema kila kitu kilipo, kwa kuwa nyumba ile ndiye aliyeipanga. Gauni la pili la kulalia liko nyuma ya mlango wa bafu. Taulo ndogo ziko chini ya zile kubwa. Chaja iko kwenye droo ya jikoni, pamoja na bisibisi.

"Chaja na bisibisi zinahusiana nini?" Mama Dobi alimuuliza.

"Ni droo ya vitu vya umeme, Mama."

"Bisibisi ni kitu cha umeme?"

"Kwangu mimi, ndiyo."

Binti alicheka huko aliko, kicheko chembamba, kikakatika.

"Na nguo za mtoto?" akauliza. "Si ulisema unazileta wewe?"

Mama Dobi aliangalia begi lake kubwa, lililorudishwa kutoka kwenye mizigo na kuegeshwa ukutani. Lilikuwa limejaa.

"Ziko hapa na mimi."

Mkwe akafumbua macho.

"Kuna zile tulizonunua mwaka juzi," alisema taratibu. "Ziko juu ya kabati, kwenye boksi la viatu."

"Najua ziko wapi," binti akasema.

"Kama hutaki..."

"Sijalifungua tangu siku ile."

"Najua."

Walisikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"Usipande kiti!" mama mkwe na mkwe walisema kwa pamoja, na kwa ukali ule ule.

"Nani atalishusha basi?"

"Kamwite jirani," Mama Dobi akasema. "Sasa hivi. Tunakusubiri."

Mlango ulifunguka na kufungwa. Simu ilibaki imelala kitandani huko ng'ambo, ikiwapelekea sauti ya chumba kitupu: saa ya ukutani, gari barabarani. Mkwe aligeukia upande wa pazia. Mama Dobi alisogeza kiti karibu zaidi ili naye asikie vizuri. Kisha zikaja nyayo, na sauti ya mwanamke iliyoanza kuongea tangu ngazini na haikuwa na dalili ya kukoma: hilo tumbo, hizo ngazi, hao wanaume, hiyo homa, nipishe mwanangu nilishushe mimi, kumbe jepesi hivi. Kifuniko kikafunguliwa. Jirani akanyamaza.

Binti alikuwa wa kwanza kusema.

"Ni ndogo sana, Mama," alisema. "Nilisahau kwamba ni ndogo hivi. Zina harufu ya boksi. Nizifue na nini?"

Mama Dobi akachukua simu kutoka kwenye kiti, akaisogeza mdomoni, na kuanza kumweleza.